Mjukuu wa Kalenda Mbili

Sisi tuliotiwa chuoni kabla ya kupelekwa skuli tuna kalenda mbili vifuani. Moja ni ya mwezi, tuliyofundishwa na mwalimu kwa bakora na huruma. Ya pili ni ya jua, tunayoandikia barua na kulipiwa mshahara. Kwa miaka hamsini na ushei nimezitumia zote mbili zisigombane. Ziligombana mwezi wa Machi 2024, juu ya kichwa cha mjukuu wangu, nasi tuko angani.

Binti yangu ni muuguzi huko Migori, na mumewe yuko Muscat kwa kazi. Mtoto wao alizaliwa Homa Bay siku ya kwanza ya Ramadhani ya mwaka 1443, yaani tarehe 3 Aprili 2022, na babake alikuwa hajapata kumpakata. Ikaamuliwa kuwa Idi ya mwaka 2024 iliwe Muscat. Nami, kwa kuwa nina ndugu huko na binti hajapata kupanda ndege, nikatoka Mombasa kwenda kuwachukua.

Nilifika Migori kabla ya mwezi kuandama. Mjukuu alinitazama kama atazamavyo mtoza ushuru. Nikamsemesha Kiswahili chetu cha Mji wa Kale, akageuka akamkimbilia yaya wake, mama wa Kiluo aliyemlea tangu ana miezi mitatu. Wakaanza kuzungumza wawili wale, maneno hata moja sikulipata. Nilicheka, lakini moyoni niliona uzito kidogo.

Siku ya kwanza ya Ramadhani ya 1445 ikaingia, tarehe 12 Machi. Nikamwita binti nikamwambia, "Mwanangu, leo mtoto ametimiza miaka miwili kamili. Wakati wa kumwachisha ziwa umefika."

Akanijibu kwa adabu, "Baba, tuna safari siku nane zijazo. Ningoje turudi. Katika ndege mtoto anyonyaye hapati taabu ya masikio."

Nikamwambia kuwa Qurani imetaja miaka miwili kamili, na kwamba sikusoma chuoni ili nije nifundishwe na vitabu vya uuguzi. Akanyamaza. Jioni ile akapaka shubiri, na usiku kucha nilimsikia mtoto akilia chumba cha pili, na mamake akilia naye kwa sauti ya chini.

Sasa sikiliza maajabu ya babu. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, nilipokwenda kununua tikiti, niliulizwa umri wa mtoto. Nikajibu haraka, "Hajafika miaka miwili!" Kwa hesabu ya jua ilikuwa kweli, maana mtoto aliye chini ya umri huo hupakatwa, na nauli yake aghalabu ni kama sehemu ya kumi ya nauli ya mtu mzima. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, wa jua una 365, na kwa miaka miwili tofauti yake ni siku 22 hivi. Katika siku hizo 22 nilikuwa nimemfanya mjukuu wangu mkubwa nyumbani na mchanga kwenye tikiti. Kila kalenda niliishika pale iliponifaa.

Tuliondoka Migori alfajiri ya tarehe 20, tukapitia Rongo na Rodi Kopany hadi Homa Bay, kwani kulikuwa na cheti cha kuzaliwa cha kuchukua. Cha kwanza kilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu. Siku ya kumwandikisha mtoto niliandika jina la babake "Swaleh" kama tulitamkavyo sisi, na pasipoti ya baba imeandikwa "Saleh". Herufi moja tu, lakini herufi moja humlaza mtu uwanjani. Nawe msomaji ukitaka kusafiri na mtoto, linganisha majina ya karatasi zote mapema, na ikiwa mzazi mmoja hayumo safarini, chukua barua yake ya ruhusa. Usisahau chanjo ya homa ya manjano, ambayo kwa safari hupigwa mtoto akishatimiza miezi tisa. Cheti chake huanza kukubaliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 kimekuwa cha maisha.

Kutoka Homa Bay tulishika njia ya Kendu Bay, ziwa likiwa mkono wa kushoto. Karibu na hapo pana ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kuwa zamani palikuwa kijiji, akaja bikizee mgeni akaomba hifadhi, wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja. Usiku maji yakakimeza kijiji chote, akasalimika yule mwanamke. Niliisikiliza hadithi hiyo kwa dereva nisidhani kuwa inanihusu.

Kisumu ni bandari ya zamani ya ndege. Tangu mwaka 1931 ndege za Waingereza zenye kuelea majini zilikuwa zikitua pale ziwani, na kuanzia mwaka 1937 zikitoka hapo zikija Mombasa kwetu na kuendelea kusini. Siku hizi zatua nchi kavu, na mtu hukaguliwa mpaka viatu. Kutoka Kisumu mpaka Nairobi mtoto hakulia. Lakini Nairobi, kwenye ukaguzi wa safari ya nje, chupa yangu ya asali niliyomchukulia ndugu yangu ilizuiliwa, kwa kuwa kimiminika kikizidi mililita 100 hakipandi na abiria. Uji wa wimbi wa mtoto ukafunguliwa, ukatazamwa, ukapita. Chakula cha mtoto kina ruhusa yake. Nikaona mjukuu ana cheo kuliko babu.

Nilikuwa nimefunga, ijapokuwa msafiri ana ruhusa ya kula. Jua lilipotua nikafungua kwa tende, nyingine nikazifunga kwenye leso. Mambo yakawa mema kwa muda wa saa nne hivi. Kisha ndege ikaanza kushuka kwenye mji wa Ghuba ambako tungebadilisha nyingine.

Naam, hapo ndipo nilipojua maana ya maneno ya muuguzi. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa kama hewa ya mlima wenye mita 1,800 mpaka 2,400. Nairobi yenyewe iko juu, uwanja wake uko karibu mita 1,600, basi kushuka hapo ni kama kushuka kitandani. Lakini miji ya Ghuba iko sawa na bahari, na kushuka huko ni kama kushuka mnara. Hewa ya nje huusukuma utando wa sikio, na mfereji unaosawazisha, ule unaotoka kooni, kwa mtoto ni mwembamba na umelala. Hufunguka akimeza. Mtoto anyonyaye humeza bila ya kuambiwa.

Wetu alikuwa ameachishwa ziwa siku nane tu, na asubuhi ile akaachishwa Ziwa Victoria na yaya wake pia. Alilia kilio ambacho sijapata kukisikia. Alijipinda, akaushika mtandio wa mamake, akaomba alichokuwa akikijua. Mamake akanitazama. Hakusema neno. Alikuwa anangoja ruhusa yangu, naye ndiye mama. Nami nikababaika, nikasoma dua, nikaimba nyimbo za watoto wa Pwani. Mtoto akazidi.

Ndipo akageuka msichana aliyekaa kiti cha mbele, miongoni mwa kundi la mabinti waliokuwa wakienda kufanya kazi za majumbani. Akamsemesha mtoto, "Nyathina, kik iywag." Mwanangu, usilie. Mtoto akanyamaza ghafla, kama aliyesikia adhana. Msichana akanyoosha mikono, mtoto akaenda. Akaniuliza kama nina kitu cha kutafuna. Nikafungua leso. Akaitoa kokwa tende, akaimenya, akawa anampa kipande kidogo kidogo, naye anatafuna na kumeza, anatafuna na kumeza, huku akisemeshwa Kiluo sikioni, mpaka magurudumu yakagusa chini.

Nilipomshukuru akasema, "Babu, nami ninaye kama huyu. Nimemwacha Homa Bay kwa mamangu." Akaniandikia namba ya mamake kwenye bahasha yangu, akaniomba nikirudi nimwambie kuwa nimemwona amefika salama. Tukaachana penye milango.

Usiku ule Muscat nilimwambia binti yangu, "Mwanangu, nilikosea. Fanya uonavyo." Kwani nilipokwenda kuisoma aya ile tena, niliona imetaja pia kuridhiana na kushauriana kwa mama na baba. Babu hakutajwa.

Idi tulikula, mtoto akapakatwa na babake mpaka akachoka. Lakini kalenda ya jua haikusahau deni lake. Siku ya kurudi binti wa kaunta alifungua pasipoti, akahesabu, akasema, "Huyu ametimiza miaka miwili tarehe 3 Aprili. Sasa ni abiria, lazima awe na kiti." Nikataka kubisha, nikakumbuka kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyetangulia kumtimizia miwili. Mkwe wangu akalipa, na hakunicheka mbele yangu. Mtoto akaketi kwenye kiti chake cha dirishani, bwana mkubwa.

Tulipofika Homa Bay niliipiga ile namba. Mama mmoja akaja kutupokea barabarani, akatupeleka kwake. Nilimpa salamu za bintiye, na halua ya Muscat niliyomchukulia. Mlangoni alisimama mtoto mwenye kimo cha mjukuu wangu, ananyonya kidole.

Nikamuuliza yule mama, kwa mazoea yangu ya kuuliza, "Huyu aliachishwa ziwa lini?"

Akasema, "Siku mamake alipopanda gari."

Mjukuu wangu akamwendea, akamsemesha Kiluo, akamkatia nusu ya halua yake. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni, na kalenda zangu zote mbili, sina la kuhesabu.