Sisimizi wa Jikoni: Sumu Imfikie Malkia

Mvua zinapoanza kulowesha udongo wa mji wetu wa Kamina, Kongo, sisimizi huhamia majumbani. Msururu mwembamba hutoka kwenye ufa wa sakafu, hupanda mguu wa meza na kuishia kwenye kopo la sukari au sufuria yenye mabaki ya bukari (ugali). Wengi wetu hukimbilia kumwagia msururu huo sumu ya sokoni, mara nyingi iliyomo katika kichupa kisicho na maelezo yoyote. Hapo fedha zinapotea na watoto wanahatarishwa, kwa nafuu ya siku mbili tatu. Tunaowaona ni vibarua, sehemu ndogo tu ya kundi. Malkia hatoki shimoni, na maadamu anataga, waliokufa watapata warithi. Tena wapo sisimizi wadogo wa manjano, wenye malkia wengi, ambao wakipuliziwa dawa hugawanyika na kujenga viota vipya.

Afadhali tuitumie tabia yao wenyewe. Mwaka 1959 Edward O. Wilson wa Marekani alionyesha kwamba aina fulani ya sisimizi hufuata harufu inayotoka katika tezi ndogo tumboni mwa mwenzao. Kwa hiyo kitambaa chenye maji ya sabuni huifuta njia yao. Lakini usiifute kabla chambo hakijamaliza kazi yake. Kibarua akinywa kitu kitamu, hurudi shimoni akawagawia wenzake mdomo kwa mdomo, mpaka malkia apate. Ndiyo maana sumu inayofaa ni ile inayoua polepole: nusu kijiko cha chai cha asidi ya boriki, unga mweupe unaopatikana katika baadhi ya maduka ya dawa, ikorogwe na vijiko vitatu vikubwa vya sukari katika robo lita ya maji ya vuguvugu. Ukizidisha unga, vibarua watafia njiani. Siku ya kwanza sisimizi wataongezeka, na mwenye jiko atadhani ameharibu. Avumilie wiki moja au zaidi, akiongeza chambo kinapokauka.

Mtu atasema boriki nayo ni sumu. Ni kweli, kwa hiyo pamba iliyoloweshwa iwekwe ndani ya kopo lililotobolewa matundu madogo, mbali na watoto na vyakula, na kinachobaki kiandikwe jina na kufungiwa. Hata hivyo, hatari yake haifikii ile ya dawa za shambani zinazoshambulia neva, ambazo huenda ndizo zilizomo katika vichupa vya sokoni: aliyeguswa nazo akatokwa mate na jasho jingi au kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kichupa chenyewe. Wazee huweka miguu ya kabati katika makopo ya maji, nami naiunga mkono njia hiyo, ila maji yabadilishwe kila baada ya siku chache yasizalishe mbu. Majivu pia huzuia, yakiwa makavu.

Siafu ni habari nyingine. Hao hawanaswi kwa chambo. Wakivamia nyumba, watoto wachanga, wagonjwa na kuku waliofungiwa watolewe kwanza. Kwa kawaida siafu hupita baada ya saa chache, wakiwa wamekula mende wengi wa nyumba hiyo.