Hazina Imejaa, Serikali Imefungwa

Mtu aliyeko Tunduma, mji wa mpakani wa Mkoa wa Songwe ambako malori ya shaba ya Kongo hupishana usiku na mchana na malori yaletayo shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam, akivuka hatua chache kuingia Nakonde huwa amevuka mipaka miwili kwa pamoja: mpaka wa nchi, ambao kila mtu aujua, na mpaka wa mwaka wa hazina, ambao waujuao ni wachache. Upande wa Tanzania mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Upande wa Zambia huanza tarehe 1 Januari. Kwa hiyo katika kituo cha huduma kwa pamoja kilichozinduliwa mwaka 2019, ambamo maofisa wa forodha na uhamiaji wa dola mbili hukaa jirani ili msafiri asisimamishwe mara mbili, yuko ofisa ambaye mshahara wake umeidhinishwa Dodoma, na mwenziwe ambaye wake umeidhinishwa Lusaka, kila mmoja kwa majira yake. Mawakala wa forodha, madereva na wabadilishaji fedha hawana haja ya kuliwaza jambo hili, maadamu madirisha yote yamefunguliwa asubuhi. Lakini lau bunge moja kati ya yale mawili, la Dodoma au la Lusaka, lingeshindwa kutoa idhini yake kwa wakati, je, dirisha lake lingefungwa?

Swali hili si la kubuni, kwani limekwisha kujibiwa kwa vitendo kwingineko. Tangu tarehe 1 Oktoba hata tarehe 12 Novemba 2025, muda wa siku 43, serikali kuu ya Marekani ilifungwa, na kufungwa huko kulizidi kwa urefu kote kulikotangulia; mamia ya maelfu ya watumishi walirudishwa majumbani bila ya mshahara, waongoza ndege walifanya kazi pasipo malipo hata safari zikaamriwa zipunguzwe katika viwanja 40, na posho ya chakula ya watu wapatao milioni 42 ikaingia mashakani. Wengi miongoni mwetu waliposikia habari hizo walidhani kwamba hazina ya dola ile tajiri imekauka. Sivyo hata kidogo: kodi ziliendelea kukusanywa na fedha zilikuwamo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuzigusa, kwa kuwa kaida ya mabunge, iliyozaliwa Uingereza katika magomvi ya wafalme na mabaraza yao na kuenea kutoka huko, yasema kwamba fedha ya umma si mali ya serikali mpaka wawakilishi wa umma watamke kwamba itolewe. Nasi tumeirithi: Ibara ya 136 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 hairuhusu fedha zitoke katika Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali kwa matumizi ila kwa idhini ya Katiba yenyewe au ya sheria iliyotungwa na Bunge.

Tofauti, basi, haiko katika kaida bali katika yale yanayofuata idhini inapochelewa. Wamarekani wana sheria ya karne ya 19 inayomkataza mtumishi kuitia serikali katika deni lisiloidhinishwa, na kwa miaka mingi ofisi zilipokosa idhini kwa siku chache ziliendelea kufanya kazi kwa kutumaini kwamba mambo yatatengenea. Ila mwaka 1980 Mwanasheria Mkuu wao, Benjamin Civiletti, aliisoma sheria ile kwa ukali wake wote, akaamua kwamba pasipo idhini hapana kazi; mwaka uliofuata akaongeza, isipokuwa ile ya kulinda maisha na mali. Maoni ya mwanasheria mmoja yakawa ndiyo chanzo cha kufungwa kote kulikofuata. Tangu hapo, mlango ukifungwa, hakuna mwenye ufunguo ila baraza lilelile lililoshindwa kuelewana.

Na kanuni za baraza ni kitu cha ajabu, kwa kuwa hutoa njia kwa mkono mmoja na kuiziba kwa mkono wa pili. Serikali ya Marekani ilipofungwa kwa siku 16 mwezi Oktoba 2013, wajumbe wa upande wa wachache katika Baraza la Wawakilishi waliikimbilia njia moja kongwe, ambayo kwayo muswada uliolazwa katika kamati kwa siku 30 za kikao waweza kutolewa humo kwa nguvu, Spika apende asipende, iwapo wajumbe 218 kati ya 435 watatia saini zao. Saini hazikutimia. Njia nyingine ilikuwa fupi zaidi: kwa desturi, mabaraza mawili yakikwisha kupingana juu ya muswada mmoja, mjumbe yeyote aliweza kusimama na kutaka maneno ya Seneti yapigiwe kura, lakini katika usiku uleule wa kufungwa, wenye wingi walikuwa wamekwisha kuigeuza kanuni ili haki hiyo iwe ya kiongozi wao peke yake au amtakaye yeye. Mlango ulifunguka pale tu viongozi wa Seneti, Harry Reid na Mitch McConnell, walipopatana, na Spika John Boehner akaridhia kura ipigwe: 285 kwa 144. Mwaka 2025 nako, baada ya kura zaidi ya kumi kuanguka katika Seneti, ambako kufunga mjadala hutaka kura 60 kati ya 100, wajumbe wanane wa upande wa Demokrati walivuka na kura zikatimia 60 kwa 40. Mwenye kutaka siri nyingine zaidi ya hiyo hataipata. Kanuni humwonyesha mtu njia, haimzalii kura.

Karibu na kwetu, mfano ulio bora kuliko wote ni wa Kenya mwaka 2020, nami nauona kuwa wafundisha zaidi kuliko wa Marekani, kwa sababu magomvi yake hayakuwa ya vyama bali ya ardhi na watu. Katiba yao ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, na Ibara ya 217 yaitaka Seneti, kila baada ya miaka mitano, iamue kanuni ya kugawanya fungu la kaunti hizo. Kanuni ya tatu ilipoletwa, wenye watu wengi walisema fedha zifuate vichwa; wenye nchi kubwa na watu waliotawanyika, wa kaskazini na wa pwani, wakasema barabara ya jangwani haiwi fupi kwa kuwa wapitao ni haba. Kila kaunti katika Seneti ina kura moja, na hoja haipiti isipopata 24. Kikao kilifuata kikao, hoja ikaahirishwa na kuanguka, na Agosti polisi wakawakamata maseneta watatu, Cleophas Malala, Christopher Lang'at na Steve Lelegwe, jambo lililozidisha hasira badala ya kuipoza. Mwaka wa fedha ulikuwa umekwisha kuanza Julai, ilhali kaunti hazina mgawo. Ndipo Baraza la Magavana, chini ya Wycliffe Oparanya, likatangaza kwamba tangu tarehe 17 Septemba shughuli za kaunti zitasimama, na hospitali zisipokee wagonjwa wapya wa kulazwa.

Yaliyofuata ni kazi ya utaratibu iliyofanywa kwa ustadi. Seneti ilikuwa imekwisha kuiondoa hoja katika kelele za ukumbini na kuikabidhi kwa kamati ya watu 12 waliochaguliwa kutoka pande zote mbili, wakiongozwa kwa pamoja na Johnson Sakaja na Moses Wetangula, wakae faraghani mpaka waelewane. Waliporejea walikuja na shauri la wakati, siyo la hesabu peke yake: kwa mwaka ule wa 2020/21, shilingi za Kenya bilioni 316.5 zigawanywe kwa kanuni ya zamani. Kanuni mpya ianze mwaka uliofuata, kwa sharti kwamba fungu zima liongezwe hata lifikie bilioni 370, ili pasiwe na kaunti itakayopata pungufu ya ilivyozoea. Tarehe 17 Septemba, siku ileile ya kufungwa, hoja ikapita bila ya kupingwa. Waliokuwa wakitukanana wiki nyingi walikubaliana kwa sababu hapakubaki wa kupoteza. Na mwenye kusema kwamba suluhu ya namna hiyo hununuliwa kwa fedha ya mlipa kodi hatakuwa amesema uongo.

Hapa kwetu mambo ni mengine kabisa. Ibara ya 139 ya Katiba yasema kwamba mwaka wa serikali ukianza na sheria ya matumizi haijaanza kutumika, Rais aweza kuidhinisha fedha zitolewe kwa shughuli za lazima, zisizozidi mahitaji ya miezi minne, au mpaka sheria hiyo ianze, lipi litangulie. Hii ndiyo sababu dirisha la Tunduma halingefungwa tarehe 1 Julai. Wala ibara hiyo si pambo la kitabuni: kabla ya mwaka 2013, mkutano wa bajeti ulianza Juni na kuishia Agosti, mwaka mpya ukiwa umekwisha kuingia, na idhini ya namna hiyo ndiyo iliyoyavusha mambo, ndipo ratiba ikabadilishwa, mkutano ukaanza Aprili na kumalizika kabla ya Julai.

Na Bunge likikataa bajeti moja kwa moja? Ibara ya 90 yampa Rais uwezo wa kulivunja. Lakini Ibara ya 38 nayo yasema kwamba Bunge likivunjwa kiti cha Rais nacho huwa wazi, hivyo wote kwa jumla wamrudie mpiga kura. Kwa hiyo siku ya kura ya bajeti kuu, Katibu wa Bunge anapoita jina baada ya jina na kila mbunge kujibu kwa sauti, wa Tunduma, wa Momba, wa Ileje, wa Mbozi, wa Vwawa, wa Songwe, kila aitikaye Hapana ajua kwamba sauti hiyo, ikipata wenzake wa kutosha, itamwondoa yeye mwenyewe kitini. Mtu aweza kuusifu utaratibu huu kwa utulivu wake. Mimi nadhani bei yake ni kubwa: tumepata serikali isiyofungwa, na kwa kadiri hiyohiyo tumepata kukataa kusikoweza kutumika, kwa kuwa silaha ikiwa nzito kupita kiasi hakuna mwenye kuiinua.

Silaha itumikayo ni ndogo, nayo ni shilingi. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kuyapitia mafungu ya wizara, mbunge asiyeridhika na jibu la Waziri hutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wake, na kwa hila hiyo ya kikanuni huufungua mjadala mpaka apewe ahadi au ashindwe kwa kura. Lakini muda ukiisha, gilotini hupita, yaani mafungu yaliyobaki hupitishwa bila ya maneno. Tena iko nguvu ya kuchelewesha, ambayo imezaa matunda kuliko kukataa. Julai 2011, nchi ikiwa gizani kwa mgawo wa umeme, wabunge wa vyama vyote waliikalia bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini hata Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaomba wiki tatu za kwenda kuitengeneza upya, ikarejea Agosti na mpango wa dharura wa umeme. Aprili 2013 ikawa zamu ya maji: Spika Anne Makinda aliusimamisha mjadala, Kamati ya Bajeti, iliyokuwa changa, ikakaa na serikali, na wizara ikaongezewa shilingi bilioni 184.5. Katika visa vyote viwili hakuna ofisi iliyofungwa wala mtumishi aliyekosa mshahara.

Tunduma, ambako kilio cha maji ni cha miaka mingi na mji umekua haraka kuliko mabomba yake, yafaa kukumbuka mwezi ambao kisa hicho cha maji kilitokea. Alhamisi ya Juni, Waziri wa Fedha asomapo bajeti kuu, ndiyo hutangazwa na redio zote, lakini kufikia hapo mafungu ya wizara yamekwisha kupitishwa. Maji, barabara na afya hujadiliwa Aprili na Mei, kila wizara kwa siku yake, na ratiba hutolewa mkutano uanzapo. Mwananchi mwenye neno na mbunge wake juu ya shilingi ya Waziri wa Maji yampasa awe amelifikisha kabla ya siku hiyo.