Mzee Anapodaiwa Deni Asilolijua: Hukumu Zake na Wajibu wa Jamaa

Shukrani zote ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa masuala yanayofikishwa kwa maimamu wetu mara kwa mara siku hizi ni ya wazee wanaodaiwa kwa simu madeni wasiyoyajua. Bibi anaambiwa kuwa mjukuu wake alikopa na yeye ndiye mdhamini. Mjane anatakiwa alipe mkopo wa marehemu mumewe. Mzee aliyekwisha lipa mkopo wake anaambiwa kuwa bado, kwa sababu riba imezaa.

Wengi katika wazee hao hulipa, hata kwa kuuza mbuzi au kukopa kwa jirani, na si kwa kuwa wamethibitishiwa kuwa wanadaiwa. Wanaogopa kufa na deni. Wameisikia msikitini Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba nafsi ya Muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Hofu hiyo ni sehemu ya imani yao, na mdai asiye na haki huitumia kuwanyang'anya. Kwa hiyo inatupasa tujue: deni lipi hasa linamfunga mtu mbele ya Allah (s.w.), na lipi halimfungi?

ASILI NI KUTODAIWA

Kanuni waliyoafikiana mafakihi ni kwamba asili ya dhima ya mtu ni kuwa huru. Kwa Kiarabu huitwa baraatu dhimma. Waturuki wa dola ya Uthmaniya walipoziweka hukumu za muamala katika vifungu, kazi iliyoanza mwaka 1869 na kukamilika mwaka 1876 kwa jina la Majalla, kanuni hii waliiweka katika kifungu cha 8. Maana yake ni kwamba anayesema "unadaiwa" ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Msingi wake ni Hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa lau watu wangepewa kwa madai yao tu, wangetokea watu wakadai damu na mali za wenzao, na kwamba kiapo ni cha mwenye kudaiwa. Katika riwaya ya Bayhaqi imeongezwa kuwa ushahidi ni juu ya mdai. Tuzingatie pia kwamba kiapo hicho huapwa mbele ya kadhi. Mzee halazimiki kumwapia mtu asiyemjua aliyempigia simu.

Kwa hiyo jibu la kwanza la mzee, au la anayemsaidia, liwe moja: leta mkataba, leta hesabu. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Mdai aliyeandika hapati taabu kuonesha alichoandika.

KUKIRI KWA HOFU

Hapa ndipo wazee wengi wanaponaswa. Anayepiga simu hatoi ushahidi. Anatafuta mzee aseme "nitalipa", au atume kiasi kidogo "kuonesha nia njema". Katika fiqhi, kukiri (iqrar) ni hoja nzito juu ya mwenye kukiri. Mtu akishakiri haki ya binadamu mwenzake, hakubaliwi akirudi nyuma. Ndiyo maana wanavyuoni wakashurutisha kuwa anayekiri awe baleghe, mwenye akili na mwenye hiari, na katika mambo ya mali awe na rushdi. Kukiri kwa aliyelazimishwa hakuna hukumu. Lakini ni nani atakayethibitisha baadaye kuwa mzee alitishwa? Usalama ni kunyamaza mpaka ushahidi uonekane.

Sheria za nchi zetu nazo zina jambo kama hilo. Kenya na Tanzania Bara, muda wa kufungua kesi ya mkataba kwa kawaida ni miaka 6, lakini kukiri kwa maandishi au kulipa sehemu ya deni kunaweza kuuanzisha muda huo upya.

Hata hivyo, tusichanganye hukumu ya mahakama na hukumu ya Allah (s.w.). Majalla iliyotajwa ilizuia kusikiliza madai ya deni baada ya miaka 15 (kifungu cha 1660), kisha ikaeleza katika kifungu cha 1674 kwamba haki haianguki kwa kupita muda. Mzee anayejua moyoni mwake kuwa alikopa na hajalipa, anadaiwa, hata kama mahakama haiwezi tena kumsikiliza mdai wake.

UDHAMINI NI KWA RIDHAA

Baadhi ya mikopo ya simu, ile ambayo watu wameiita "kausha damu", humtaka mkopaji aandike namba za jamaa zake, au huchukua namba zote zilizomo katika simu yake. Akichelewa kulipa, jamaa hao hupigiwa na kuambiwa kuwa wao ni wadhamini.

Dhamana haifungiki hivyo. Sharti lake katika madhehebu ya Shafi ni ridhaa ya mdhamini mwenyewe. Tunaliona hilo katika kisa cha Abu Qatada (r.a.). Lililetwa jeneza, Mtume (s.a.w.) akauliza kama maiti ana deni, akaambiwa analo, akawataka Masahaba wamsalie wenyewe. Hapo Abu Qatada akatamka kwa ulimi wake kwamba deni lile liko juu yake, ndipo Mtume (s.a.w.) akamsalia. Hakuna aliyemwandika Abu Qatada bila ya yeye kujua. Bibi ambaye namba yake imeandikwa na mjukuu hana deni lolote, na akifa hali hajalipa hafi na deni. Akipenda kumsaidia mjukuu wake, hiyo ni sadaka na kuunga udugu.

DENI LA MAREHEMU

Deni la maiti hulipwa katika mirathi yake, kabla ya wasia na kabla ya kugawa, kama zilivyobainisha aya za 11 na 12 za Suratun-Nisaa. Alipouawa shahidi baba yake Jabir bin Abdillah (r.a.) katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijriya, aliacha deni ambalo katika riwaya moja ya Bukhari ni wasaki 30 za tende. Mdai alikataa kumpa Jabir muda, hata Mtume (s.a.w.) alipomwombea. Deni likalipwa kwa tende za shamba la marehemu, zikabarikiwa mpaka zikabaki wasaki 17.

Mjane au mtoto halazimiki kulipa kwa mali yake mwenyewe kile ambacho mirathi haikutosha, ila akijitolea. Lakini mirathi ikiwapo na deni likathibiti, si halali kugawana kabla ya kulilipa.

DENI LIKITHIBITI

Huenda mkataba ukaletwa, ikaonekana kweli mzee alikopa. Hapo hukumu inabadilika: wajibu wake ni kulipa, na kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma, kama ilivyo katika Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.). Hata hivyo kuna mambo matatu ya kuangaliwa.

Kwanza, haki ya mdai ni asili ya mali yake. Aya ya 279 ya Suratul-Baqara imempa mtaji wake, asidhulumu wala asidhulumiwe. Nyongeza ya riba si haki yake katika dini. Mahakama za nchi huenda zikaihukumu, kwa hiyo mzee asipuuze hati ya kuitwa mahakamani. Atafutiwe wakili na ajibu kwa wakati.

Pili, mzee asiye na kitu hupewa muda mpaka awe na wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi (aya ya 280). Maimamu wamehitilafiana. Abu Hanifa (r.h.) ameruhusu mdai amfuate-fuate mdaiwa hata baada ya kuthibiti ufukara wake, Malik, Shafi na Ahmad (r.h.) wamesema aachwe mpaka apate.

Tatu, heshima yake. Ipo Hadithi kwamba kuchelewesha kwa mwenye uwezo huhalalisha heshima yake na kuadhibiwa kwake. Bukhari amemnukuu Sufyan akifasiri kuwa heshima hapo ni mdai kusema "amenichelewesha", na adhabu ni kufungwa. Basi iko wapi ruhusa ya kumtukana ajuza na kuwatumia majirani zake ujumbe wa kumfedhehesha? Sheria nazo zimekataza: Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zilipiga marufuku vitisho, matusi na kuwapigia watu waliomo katika simu ya mkopaji. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2024 programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

NANI AMSEMEE MZEE

Aya ya deni imemtaja safihi, dhaifu na asiyeweza kuimlisha, ikaamrisha walii wake aimlishe kwa uadilifu. Lakini uzee peke yake haumwondolei mtu haki ya kuendesha mali yake. Mzee mwenye akili timamu husaidiwa kwa wakala: aombwe idhini, na aulizwe faraghani kama kweli alikopa, bila ya kukemewa, kwani huenda anaficha kwa aibu. Mwenye kuwakemea wazazi keshapotea kabla hajasaidia. Aliyepotewa na akili ndiye anayesimamiwa na walii wake.

Msaidizi naye asimfundishe mzee kukana kilicho kweli. Mtume (s.a.w.) ametahadharisha, katika Hadithi ya Ummu Salama (r.a.), kwamba anayehukumiwa haki ya ndugu yake kwa ufasaha wa hoja amekatiwa kipande cha moto.

Kwa kifupi, mambo ya kufanya ni haya:

1. Mzee asilipe, asikiri, wala asitaje namba yake ya siri katika simu.
2. Madai yajibiwe kwa maandishi: jina la kampuni, leseni, mkataba na hesabu kamili.
3. Ujumbe wote na risiti zote zihifadhiwe.
4. Vitisho vipelekwe polisi, na mkopeshaji ashitakiwe Benki Kuu. Kwa namba na picha zilizosambazwa, zipo sheria za ulinzi wa taarifa binafsi: Kenya ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022.
5. Deni likithibiti, yaombwe makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, yaandikwe na yashuhudiwe.

Tunawakumbusha maimamu kwamba wenye madeni ni fungu mojawapo katika mafungu 8 ya Zaka (At-Tawba, aya ya 60). Mtume (s.a.w.), Allah alipomfungulia miji, alichukua juu yake madeni ya Waumini waliokufa bila ya kuacha cha kulipia. Na kila tunapowahubiria wazee wetu uzito wa deni, tuwafundishe pia kuwa deni ni lile lililothibiti. Waogope deni la kweli, na wasalimike na la uongo.

Tunamwomba Allah (s.w.) awalipie madeni wenye madeni, na awahifadhi wazee wetu na kila dhalimu. Wallahu aalam.