Hifadhi Ardhi Shinyanga

Hifadhi Ardhi Shinyanga (kifupi: HASHI) ulikuwa mradi wa serikali ya Tanzania wa kurudisha miti na uoto wa asili katika mkoa wa Shinyanga. Ulianza mwaka 1986 ukamalizika mwaka 2004. Uligharamiwa na serikali ya Tanzania pamoja na serikali ya Norwei kupitia shirika lake la misaada, NORAD. Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto (ICRAF), chenye makao makuu Nairobi, kilisaidia upande wa utafiti.

Mradi huu unajulikana hasa kwa kufufua *ngitili*, desturi ya Wasukuma ya kutunza malisho ya kiangazi. Hutajwa mara nyingi panapojadiliwa matumizi ya fedha za umma kwa ajili ya kurejesha mazingira, maana eneo lililorudishiwa miti lilikuwa kubwa kuliko lile ambalo serikali ingeweza kulipanda yenyewe.

Jinsi ardhi ilivyoharibika

Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule ulikuwa na eneo la takriban km² 50,000. Baada ya mgawanyo wa mwaka 2012, wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zimekuwa sehemu ya mkoa wa Simiyu. Mvua huko ni milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nayo haitabiriki. Kiangazi huendelea kwa miezi mingi.

Zamani nchi hiyo ilikuwa na misitu ya miombo na migunga. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori makubwa ili kuangamiza mbung'o, wadudu wanaoeneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Baadaye mashamba ya pamba yaliongezeka, na mapato ya pamba yalitumika kununua ng'ombe zaidi. Kuni nazo zilihitajika kila siku. Katika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kwenda kwenye vijiji vipya. Familia nyingi ziliacha ngitili zao nyuma, na bila mtunzaji zikaliwa na mifugo au kukatwa miti.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 sehemu nyingi zilikuwa tupu. Mmomonyoko ulibeba udongo wa juu, na wanawake walitembea saa nyingi kutafuta kuni. Rais Julius Nyerere alionya kwamba Shinyanga ilikuwa inageuka jangwa. Mwaka 1986 HASHI ilianzishwa.

Ngitili ni nini

Ngitili ni kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingizwi humo mpaka kiangazi kikolee, kwa kawaida mwezi wa Julai au Agosti, wakati mabua ya mashambani yamekwisha kuliwa. Hapo ngitili hufunguliwa sehemu kwa sehemu, ili nyasi zifikie mvua zinazofuata. Wanaotangulia kulishwa ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia.

Kuna ngitili za familia, ambazo huwa za hektari chache tu, na ngitili za kijiji au za taasisi kama shule, ambazo ni kubwa zaidi.

Fedha zilivyotumika

Mwanzoni mradi ulitegemea vitalu vikubwa vya miche, ikiwa pamoja na miti ya kigeni. Njia hiyo ilikuwa ya gharama, na miche mingi haikuhimili ukame wala meno ya mifugo. Wataalamu walipokaa na wanavijiji na kuwauliza wanachotaka, ngitili zilitajwa tena na tena.

Jambo la kitaalamu lililosaidia ni kwamba chini ya ardhi iliyoonekana tupu kulikuwa na mizizi na visiki vilivyo hai. Eneo likifungwa, visiki huchipua vyenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi haikuhitaji miche. Fedha zililipia maofisa ugani, mafunzo, utafiti, vitalu vidogo vya vijiji na shule, na mikutano ya kukubaliana mipaka.

Ulinzi ulibaki mikononi mwa wanavijiji. *Dagashida*, yaani baraza la jadi la Wasukuma, liliweka masharti na faini, na sungusungu walisimamia utekelezaji. Serikali za vijiji ziliyatia nguvu masharti hayo kwa sheria ndogo.

Matokeo

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikwa katika kumbukumbu za mradi zilikuwa na eneo la hektari 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikadiriwa kuwa zaidi ya hektari 350,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP).

Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii na shirika la IUCN ulikadiria kwamba mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Mazao hayo ni kuni, nyasi za mifugo na za kuezekea, nguzo, dawa za asili, asali na matunda. Vijiji vingine vilitumia mapato ya ngitili za pamoja kujenga madarasa.

Faida hazikuwa sawa kwa wote. Mwenye ardhi na ng'ombe wengi aliweza kutenga ngitili kubwa, na asiye na ardhi alitegemea ngitili ya kijiji. Pia wanyamapori kama fisi waliporudi, walishambulia mifugo.

Baada ya mradi

Fedha za mradi zilipokoma mwaka 2004, kituo chake mjini Shinyanga kiliendelea kama taasisi ya serikali ya misitu ya asili na kilimo mseto (NAFRAC). Ngitili zenyewe hazikuhitaji mishahara, lakini zilihitaji haki ya kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinaruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake. Hata hivyo ngitili nyingi zilibaki zikitambuliwa kwa mila tu, bila hati. Ngitili ya namna hiyo inaweza kugawanywa kwa warithi au kulimwa watu na mifugo wanapoongezeka, au kukatwa kwa ajili ya mkaa.

Katika miaka ya 2010 shirika la TaTEDO, kwa fedha za Norwei, liliendesha mradi wa majaribio wa REDD kuhusu kaboni inayohifadhiwa katika ngitili.

Uhusiano na mabadiliko ya tabianchi

HASHI ilipoanza, lengo lake lilikuwa kuzuia jangwa. Leo kazi ya namna hiyo inahesabiwa pia kuwa njia ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi: mvua zikichelewa, familia yenye ngitili ina nyasi za kuwalisha maksai wake mpaka msimu wa kulima. Akiba hiyo inategemea uzio usioonekana, yaani makubaliano ya majirani, ambayo mradi uliyaimarisha bila kuyaanzisha.