Kabla ya kuvuka mpaka: inchi gani inapokea wapenzi wa jinsia moja, na ipi inawafunga?

Kutoka Uvira hadi Bujumbura ni safari ya chini ya saa moja kwa gari, kupitia Kavimvira na Gatumba. Kutoka Bukavu hadi Kamembe watu wanavuka Ruzizi kwa miguu, jeto mkononi. Kwa mama muuza samaki ao kijana mwenye kwenda kusalimia ndugu, safari hizi mbili zinafanana. Kwa mwanaume mwenye kupenda mwanaume, ao mwanamke mwenye kupenda mwanamke, hazifanani hata kidogo. Upande wa Gatumba, sheria inaweza kumpeleka gerezani. Upande wa Kamembe, hakuna sheria ya namna hiyo.

Burundi iliandika kosa hilo katika sheria zake za adhabu mwaka 2009: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini ya franka za Burundi 50.000 hadi 100.000. Mwisho wa mwaka 2023, Rais Évariste Ndayishimiye alitamka mbele ya waandishi wa habari kwamba watu hao wangepaswa kukusanywa katika uwanja na kupigwa mawe. Maneno ya rais si sheria, lakini polisi wa kituo na mlinzi wa hoteli wanayasikia pia.

Rwanda ilijadili jambo hilo mwaka uleule wa 2009, wakati sheria zake za adhabu zilikuwa zikiandikwa upya. Serikali ikasema haitalifanya kuwa kosa, na mpaka leo si kosa. Hiyo haimaanishi kwamba Kigali inafunga ndoa za wapenzi wa jinsia moja. Katiba ya Rwanda inatambua tu ndoa ya mwanaume na mwanamke. Majirani wanaweza kusema, familia inaweza kumfukuza mtu. Lakini msafiri mwenye kulala hotelini na rafiki yake hana sheria ya kumfunga kwa sababu hiyo. Kwa mtu wa Goma ao Bukavu, hapo ndipo karibu zaidi.

Kwa wakaaji wa Beni na Butembo, hesabu ni nyingine. Njia yao ya kawaida ni Kasindi, Mpondwe, kisha Kampala. Rais Yoweri Museveni alitia saini mwezi wa tano 2023 sheria yenye kuadhibu mapenzi ya jinsia moja kwa kifungo cha maisha, na kwa kifo katika hali ambazo sheria yenyewe inaziita nzito zaidi. Mwezi wa nne 2024, Mahakama ya Katiba ya Uganda iliondoa vipande vichache, kati yake kile kilicholazimisha watu kuwashitaki wenzao na kile kilichowaadhibu wenye kutoa nyumba. Sehemu kubwa ilibaki. Mtu wa Butembo mwenye tiketi ya ndege ya kupitia Entebbe anapaswa basi kujiuliza mapema: je, ni kungojea ndege tu ndani ya uwanja, ao ni kulala Kampala siku mbili? Si kitu kimoja.

Mashariki na kusini hali haiko nyepesi. Tanzania inataja kifungo cha maisha, kisichoshuka chini ya miaka 30. Zanzibar, yenye pwani zinazotangazwa dunia nzima, ina sheria yake, nayo inawagusa wanawake pia. Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, inaanzia miaka 15. Kenya inafika miaka 14, na mwezi wa tano 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuifuta sheria hiyo.

Kuna jambo ambalo orodha za inchi nzuri za kutembelea hazisemi. Orodha hizo zinatungwa hasa kwa ajili ya mtu mwenye pasipoti ya Ulaya ao Marekani. Mtalii huyo akiongea na mpenzi wake kwa Kidachi katika hoteli ya Zanzibar, ni wachache watakaoelewa. Mkongomani wa Kivu anaongea Kiswahili. Kila neno la telefone linasikiwa na mtu wa mapokezi, na dreva wa teksi, na mwenye kufagia. Lugha inayomfungulia mlango Dar es Salaam na Mombasa ndiyo inayoweza kumtaja.

Afrika Kusini ndiyo inchi inayotajwa mara nyingi zaidi, na kwa haki. Katiba yake ya 1996 inakataza ubaguzi juu ya jambo hili, na ndoa zinafungwa tangu mwezi wa kumi na moja 2006. Cape Town ina mitaa kama De Waterkant ambako wapenzi hao wanatembea bila kujificha. Lakini Mkongomani anahitaji viza. Tena mashambulizi dhidi ya wageni, kama yale ya 2008 na 2015, hayakuuliza mtu anampenda nani. Mwaka 2008 vilevile, mchezaji wa mpira Eudy Simelane, mwanamke aliyejulikana wazi kuwa anapenda wanawake, aliuawa KwaThema, karibu na Johannesburg. Mtaa wa watalii na mtaa wa maskini si inchi moja.

Msumbiji ilifuta adhabu mwaka 2015, Botswana kwa uamuzi wa mahakama mwaka 2019, Angola mwaka 2021, Morisi mwaka 2023. Namibia ilifuata mwezi wa sita 2024. Mwongozo wa safari uliochapishwa miaka mitano iliyopita unadanganya basi kwa pande zote mbili: unaogopesha kuhusu Windhoek, na hautaji sheria ya 2023 kuhusu Kampala.

Na Kongo yenyewe? Hakuna kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja. Lakini kifungu cha 176, juu ya kuvunja adabu mbele ya watu, kinaweza kutumiwa, na adhabu yake inafika miaka 3. Ndiyo sababu safari haiishi siku ya kurudi. Picha za Cape Town na mazungumzo ya Kigali zinarudi ndani ya telefone, na telefone inapita baryeri pamoja na mwenyewe. Wenye kusafiri mara nyingi wanafuta programu za kutafutia wapenzi kabla ya kufika mpakani, wanaacha picha kwa rafiki wa kuaminika, na wanabeba namba ya avoka kwenye karatasi, kwa sababu telefone ndicho kitu cha kwanza ambacho polisi anaomba.