Mwalimu Aliyefichua Wizi Asigeuzwe Mshtakiwa

Wahenga walinena kwamba msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wameitungia insha za kupendeza. Hata hivyo, maana yake kamili niliipata mwaka 2019, nilipokuwa miongoni mwa rafiki waliokimbia.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa darasa katika shule moja ya upili ya kutwa. Serikali ilikuwa imeweka kiwango cha shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya aina hiyo. Siku moja mwenzangu, mwalimu wa hisabati, aliona kwamba idadi iliyopelekwa Wizarani ilizidi kwa wanafunzi 60 wale tuliowaita majina kila asubuhi. Alichukua chaki, akapiga hesabu katika chumba cha walimu. Jibu lilikuwa shilingi 1,334,640. Alilitazama kwa kitambo, kisha akalifuta. Wakati huohuo maabara yetu ilikuwa haina kemikali, na watahiniwa wa kidato cha nne walikuwa wakifanya majaribio ya kuchorewa ubaoni.

Walimu watatu waliiandikia bodi ya usimamizi barua. Mimi niliwapa madaftari yangu ya mahudhurio, lakini sahihi yangu sikuitia. Nilijiambia kuwa nilikuwa na watoto wa kusomesha, kana kwamba wenzangu hawakuwa nao.

Mwenyekiti alimwita yule wa hisabati akamwambia kwa upole, "Mwalimu, wewe bado kijana. Mambo ya nyumbani hayapelekwi sokoni." Kabla ya muhula kwisha, wawili walipewa uhamisho wa mbali. Wa hisabati alisimamishwa kazi kwa madai ya kuwachochea wanafunzi. Alihangaika miezi 14 kabla ya kuondolewa lawama na kurejeshwa kazini. Mkewe alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Na mwalimu mkuu? Alihamishiwa shule kubwa zaidi.

Msomaji mpenzi, huenda ukasema kwamba haki ilitendeka kwa kuwa mwenzangu alirudi kazini. Nami nakuuliza: mtu anayengoja haki akiwa na njaa, amehukumiwa au hajahukumiwa? Kenya hii inamkumbuka David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyefichua kashfa ya Goldenberg. Mwaka 1993 alikamatwa na kufutwa kazi, naye akafariki mwaka 2006 katika ufukara. Sifa alipewa, mkate hakupewa.

Sikatai kwamba yapo mashtaka ya uongo. Wapo wakuu wa shule waaminifu wanaokopa unga na maharagwe madukani kwa sababu fedha za serikali zimechelewa, nao husingiziwa wizi na walimu wenye chuki. Lakini ukaguzi wa haraka humwosha mkuu wa namna hiyo mbele ya wazazi. Anayepaswa kuuogopa ni mwizi peke yake.

Sheria zipo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na kuelezwa kwa maandishi sababu za uamuzi unaomdhuru. Sheria ya mwaka 2003 ya kupambana na ufisadi inakataza mtu kuadhibiwa, hata kinidhamu, kwa habari aliyoipa tume ya kupambana na ufisadi, maadamu hakusema uongo akijua. Wenzangu hawakulijua hilo. Walibisha hodi kwenye bodi, mahali ambapo mshtakiwa mwenyewe alikuwa katibu.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Kwanza, mwalimu aliyeripoti wizi asihamishwe wala asisimamishwe kazi hadi wakaguzi wa hesabu wamalize kazi yao, isipokuwa pale usalama wa mwanafunzi unapohusika. Pili, idadi ya wanafunzi na fedha zilizopokelewa ibandikwe kila muhula kwenye ubao wa matangazo, ili mzazi aisome na mwanafunzi aihakiki.

Nanyi walimu wenzangu, andikeni tarehe, hifadhini nakala, na mtie sahihi kwa pamoja. Sahihi tatu huhamishwa kwa siku moja. Sahihi 20 zingeiacha shule bila walimu, na hapo kila mtu angeuliza kulikoni.

Wanafunzi wetu hujifunza uadilifu kwa kututazama sisi kabla ya kuusoma vitabuni. Wale wa mwaka 2019 walimwona mwalimu wao wa hisabati akitoka langoni na mkoba wake. Waliniona nami, nimesimama dirishani, kimya. Ninalotubia leo ni ule ukimya.