Injinia wa Chipu Anafanya Nini Hasa?

Ukimpigia mama simu ya mezani ya dijitali, sauti yako haifiki kwake ikiwa vile vile ilivyotoka mdomoni. Njiani inageuzwa kuwa namba: inapimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo kinapewa namba moja kati ya 256. Chipu inayofanya kazi hiyo (siyo chipsi mayai, wakuu!) ina pande mbili, analogia na dijitali. Anayezisanifu zikae pamoja ni injinia wa saketi mseto.

Sasa ugumu uko wapi? Joto, mwanga na sauti hupanda na kushuka taratibu, lakini kompyuta inajua sifuri na moja tu. Chukua kigeuzi cha biti 12 kinachopima hadi volti 1. Kinaigawa volti hiyo vipande 4,096, kila kimoja kama milivolti 0.24. Na hapo hapo jirani, kwenye silikoni ile ile, transista za dijitali zinawaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde, zikitikisa umeme. Ni kama daktari kusikiliza mapigo ya moyo huku chumba cha pili kuna ngoma. Kwa hiyo injinia hutenganisha njia za umeme na kuweka kinga kati ya pande hizo mbili.

Programu ikiwa na kosa, unarekebisha na kutuma toleo jipya. Chipu ikishatoka kiwandani, kosa la saketi mara nyingi maana yake ni kutengeneza upya: miezi ya kusubiri na gharama kubwa. Ndiyo maana injinia mwandamizi hutumia muda mwingi kukagua kazi za wenzake na kuuliza: je, kwenye baridi ya nyuzi -40? Kwenye gari, joto likifika 125? Umeme ukishuka?

Wenzangu wa ualimu, hili linatuhusu. Baada ya kidato cha pili wengi wanaikimbia fizikia. Mwanafunzi akikuuliza, "Mwalimu, kapasita ya nini?" usimjibu tu kwamba inatoka kwenye mtihani. Mwambie kwamba ndani ya vigeuzi vingi, kapasita ndogo sana hushikilia volti ya sauti kwa kitambo kidogo, ili ipimwe ikiwa imetulia. Kisha mchoree ubaoni.